Namba 20 na namba 3: sisi watu wa kulinda, nani anasema kwa ajili yetu?

Kasenga, Desemba 2023

Ku redio ninatoa dakika sawasawa kwa kila upande, na hakuna musikilizaji anayeweza kusema alinisikia nikisifu mumoja kuliko mwingine. Ndiyo sheria ya kazi na ninaiheshimu. Lakini hapa ninaandika kama mutu mwenye karte ya uchaguzi katika mufuko, baba wa nyumba, mukristo wa Kasenga. Na kwa cheo hicho kidogo ninasema wazi: katika uchaguzi wa Raisi wa Jamuhuri tarehe 20 mwezi huu, kati ya wale wawili ambao inchi nzima inawazungumuza, sina mutu.

CENI iliandika majina 26. Wamoja wamekwisha kujitoa. Lakini ukipita sokoni, ku kivuko, inje ya kanisa kiisha ibada, unasikia namba mbili tu: 20 na 3, Félix Tshisekedi na Moïse Katumbi. Watu wananiuliza, wewe wa redio unaona namna gani? Nao wanaouliza, wengi wanafanana na mimi. Kwa Kifaransa wanatuita makonservatere. Kwa luga yetu ningesema watu wa kulinda. Ni wale wanaoona kwamba kuna vitu tulivyovikuta na ambavyo hatuna ruhusa ya kuviharibu: neno lililotolewa mbele ya mashahidi, ndoa, heshima kwa wazee, kiti cha sultani, muto na samaki wake, katiba ambayo wananchi waliipigia kura. Hatukatai mabadiliko. Simu ilifika, tunaitumia. Tunachokataa ni mutu kuja na mashini ya kulima barabara kabla ya kuuliza kaburi la nani liko pale.

Toka Kashobwe mpaka Kasomeno watu wa namna hii ni wengi. Wako Wakatolika, Wametodisti, watu wa Garenganze, Wapentekote. Hawapigi kelele, wanalipa deni zao, wanazika wafu wao kwa heshima. Na kila miaka mitano wanakumbukwa kwa juma ine, kwa kikwembe kimoja na fulana moja yenye sura ya mutu.

Nianze na yule anayetawala, maana ndiye wa kwanza kutoa hesabu.

Masomo ya musingi bila malipo, toka Septemba 2019, ni jambo kubwa, na anayesema si kitu hana watoto. Kifungu cha 43 cha katiba kilikuwa kimeandikwa toka mwaka 2006, na serikali zilizotangulia zilikipita kama kibao cha zamani kando ya barabara. Tshisekedi alikitekeleza. Kwa familia iliyokimbia Mitwaba ama Pweto ikiwa na watoto watano na sufuria moja, hilo lilikuwa mulango kufunguka. Ninajua waalimu wengi wangali wanafundisha bila kupata mushahara wa Leta, wale wanaoitwa NU, na ninajua watoto wanabanana katika darasa moja mpaka wengine wanakaa chini. Hata hivyo, musingi ni muzuri. Mutu wa kulinda anafurahi akiona sheria iliyoandikwa inafuatwa, na nisingependa mutu yeyote aje kuiondoa.

Lakini neno lililotolewa liko wapi? Tukumbuke alivyoingia. Januari 2019 CENI ilimupa asilimia 38.57, na Martin Fayulu asilimia 34.83. Maaskofu wa CENCO, ambao walituma wachunguzi wao inchi nzima, walisema hesabu hizo hazipatani na zile walizokusanya. Kiisha tukaona UDPS, chama kilichopigana na utawala kwa zaidi ya miaka makumi tatu, kinakaa meza moja na watu wa Joseph Kabila. Tuliambiwa ni kwa ajili ya amani. Sawa, amani ni kitu cha bei gali, tukanyamaza. Desemba 2020 meza ikapinduliwa, tukaambiwa sasa ni Muungano Mutakatifu. Na wabunge walewale waliochaguliwa chini ya jina la Kabila wakavuka, kundi kwa kundi, kama watu wanaogopa kuachwa na pirogi ya mwisho. Miezi michache kiisha, mwaka 2021, wabunge 500 wakapewa jeep 500. Sisemi walinunuliwa, ninasema tu kwamba huku kwetu, mutu akibadili ushuhuda wake mbele ya baraza la sultani, kiisha juma lifuatalo akaonekana na kinga mupya, hata mutoto mudogo angeuliza swali.

Kuna mengine. Vital Kamerhe alihukumiwa miaka 20 Juni 2020, juu ya feza za siku 100. Tulifurahi, si kwa kumuchukia, bali kwa kuona kwamba mukubwa naye anaweza kuulizwa. Juni 2022 akaachiliwa kabisa, hana kosa, na Machi 2023 akawa naibu wa waziri mukuu mwenye kusimamia uchumi wa inchi. Moja kati ya mbili: ama mahakama ilimuonea mutu bila kosa, ama ilimuonea huruma mutu mwenye kosa. Hakuna aliyekuja kutuambia ni ipi, na feza zile ziko wapi. Mutu anayependa sheria anaweza kuishi na hukumu asiyoipenda. Hawezi kuishi na mahakama ambayo haamini tena asubui wala jioni.

Na Kanisa? Mwaka 2021, wakati wa kutafuta mukubwa wa CENI, Wakatolika wa CENCO na Waprotestanti wa ECC walikataa jina la Denis Kadima. Madini mengine sita yalimukubali. Mabishano kati ya madini ni jambo la kawaida, hata katika Mitume walibishana. Lakini Agosti ya mwaka ule vijana walikwenda kushambulia nyumba ya Kardinali Ambongo kule Kinshasa, na Oktoba Raisi akamuweka Kadima. Sikusikia kwa nguvu ile niliyoitarajia sauti ya mukubwa wa inchi ikisema: nyumba ya askofu haiguswi. Mutu anayesali sana mbele ya kamera angelisema hivyo siku ileile.

Kuhusu vita, nitakuwa mufupi, maana ndugu zetu waliokimbia wanaijua kuliko mimi. Toka Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi, na huo haujamaliza vita. Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 Juni 2022, na mpaka leo haijarudi. Tarehe 20 tutachagua Raisi wa Congo nzima bila Masisi, bila Rutshuru, na bila Kwamouth kule Mai-Ndombe. Na ku kampanye tunasikia ahadi za kwenda kupiga mpaka Kigali. Mulinzi ambaye mwizi yuko ndani ya nyumba yake asianze kutishia jirani kwa kelele. Kwanza amutoe mwizi.

Na Chérubin Okende, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, kiisha musemaji wa chama cha Katumbi, alikutwa amekufa ndani ya gari lake Kinshasa tarehe 13 Julai mwaka huu. Tunaingia katika uchaguzi bila kuelezwa. Mutu mwenye kutaka amani na heshima ya sheria hawezi kulipita jambo hilo na kuimba.

Sasa, wasomaji wapenzi, tuvuke ngambo. Hapa najua nitapata maneno, hata kutoka jamaa yangu. Maana namba 3 ni mutoto wa kwetu. Moïse Katumbi alizaliwa Kashobwe, katika teritware hii ya Kasenga, tarehe 28 Desemba 1964. Baba yake alitoka kisiwa cha Rhodes, akafanya biashara ya samaki hapa Luapula. Mama yake ni wa kwetu. Wanasema, mutoto wa nyumba haachwi barabarani.

Nianze na haki yake. Ile sheria ya Noël Tshiani, ya kusema Raisi sherti awe na baba Mukongomani na mama Mukongomani, ilikuwa tusi kwetu. Kwa Waaushi, kwa Washila, kwa wengi wa bonde hili, mutoto anahesabiwa kwa ukoo wa mama. Mujomba ndiye anayesimama. Mutu aliyezaliwa na mama wa Luapula ni wa Luapula, hata baba yake akitoka mwezini. Sheria ile ilitaka kutuambia kwamba tumbo la mama zetu halitoshi kutoa mwana wa inchi. Mutu wa desturi sherti aikatae, hata kama hampendi Katumbi. Na mahakama ya katiba, Oktoba iliyopita, ilifanya vizuri kuacha jina lake ku liste. Wale wanaozunguka sasa wakisema "mugombea wa wageni" wanatukana mama zetu bila kujua.

Na tena, wakati alipokuwa guvernere wa Katanga, toka 2007 mpaka 2015, mambo yalionekana. Alikataza mawe ya madini kutoka yakiwa mabichi, feza za Kasumbalesa zikaanza kuingia katika sanduku la jimbo, barabara zikalimwa. Wakulima wanakumbuka. Sitaki kuwa mutu asiyejua kushukuru.

Lakini mutu wa kulinda anaangalia pia namna kazi ilivyofanyika. Guvernere huyo alikuwa pia mukubwa wa TP Mazembe, na kampuni ya jamaa yake, MCK, ilikuwa ikifanya kazi katika migodi ya jimbo alilokuwa anatawala. Iliuzwa mwaka 2015 tu, mwaka aliotoka. Hakuna mahakama iliyosema ni kosa, nami sisemi. Ninauliza tu: katika nyumba ya kawaida, mutu anayepima unga anaweza kuwa yuleyule anayeuza? Wazee wetu walitenganisha mikono hiyo. Sultani hakuwa mufanyabiashara wa soko lake.

Na kugawa feza. Ile desturi ya kutoa makaratasi ya feza kwa watu barabarani, hata filamu ilionyesha. Watu wanaita ukarimu. Ukarimu wa mutu wa mali kwa jirani yake ni kitu kizuri, Biblia inaufundisha, na mukono wa kushoto usijue. Lakini mutawala akitoa feza kwa mukono wake, mama anayepokea anajifunza kwamba dawa ya mutoto wake inatoka katika roho nzuri ya mutu, haitoki katika haki yake. Siku mutu yule ameondoka, dawa imeondoka. Tuliona hivyo: Septemba 2015 aliacha kiti, na vitu vingi vilivyosimama juu ya jina lake vikalala. Kazi inayokufa siku mwenyewe anapotoka haikuwa na musingi.

Tena, alikuwa ndani ya PPRD ya Kabila miaka yote ile ya uguvernere. Alitoka wakati swali la nani atakayerithi lilipofika mezani. Kiisha alipata mateso, hilo sikatai: hukumu ya mwaka 2016 akiwa inje ya inchi, miaka mitatu ya uhamisho, kufungiwa mupaka wa Kasumbalesa Agosti 2018 watu wakiangalia. Alirudi Lubumbashi Mei 2019, na muji wote ulitoka. Basi, mutu aliyetendewa hivi angelijifunza kukaa mbali na meza ya wakubwa. Hapana. Muungano Mutakatifu ulipoundwa, watu wake waliingia. Lutundula akawa waziri wa mambo ya inje, Okende mwenyewe akawa waziri wa uchukuzi. Katumbi alitoka Desemba 2022, mwaka mumoja tu mbele ya uchaguzi. Lutundula akabaki na kiti. Karibu miaka miwili ya serikali hii ambayo leo wanailaumu ku mikutano, walikuwa wamekaa ndani yake wakila katika sahani ileile.

Na jambo la karatasi ya uzalendo. Kifungu cha 10 cha katiba kinasema uraia wa Congo ni mumoja, hauchangwi na mwingine. Katumbi mwenyewe alikubali kwamba alikuwa na uraia wa Italia toka 2000 mpaka 2017. Hiyo inafunika miaka yote ya uguvernere. Ninajua wakubwa wengi wa Kinshasa wana pasipoti mbili ndani ya sanduku, na hiyo ndiyo sababu sheria haikumupata. Lakini mimi ninayelinda katiba nisipouliza kwa sababu ni mutoto wa kwetu, nitakuwa na uso gani wa kuuliza wengine? Mama yake alimupa yote aliyohitaji. Hakulazimika kutafuta ingine.

Kuna pia swali la usalama, na hapa ninasema kwa ajili ya wale waliokimbia. Miaka ile ya 2011 mpaka 2014, Mitwaba, Manono na Pweto ziliitwa pembetatu ya kifo. Gédéon alitoroka gereza la Kasapa Septemba 2011, mugini kwa mugini ukachomwa, na tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga waliingia mpaka katikati ya Lubumbashi. Jeshi ni la Kinshasa, guvernere haongozi waaskari, hilo ni kweli. Lakini familia nyingi zilizofika huku kwa miguu toka wakati ule zinangojea bado mutu mumoja, wa zamani ama wa sasa, aje kuzungumuza nazo juu ya mashamba waliyoacha. Sijamusikia Katumbi akilisema ku kampanye hii, wala Tshisekedi. Gédéon alijitoa porini 2016, akapokelewa, akawekwa katika nyumba Lubumbashi, akatoroka tena Machi 2020. Hiyo ya mwisho ilitokea chini ya Raisi wa leo. Kila mutu ana sehemu yake.

Nikisema hivi, mutu atasimama kuniambia: "Basi wewe unasaidia Wakasai." Na mwingine atasema: "Wewe ni wa Katumbi, umejificha." Na hapo ndipo hasira yangu kubwa iko, zaidi ya yote niliyoandika.

Maana kampanye hii, ukiondoa miziki, imebaki vita ya Mukatanga na Mukasai. Watu wa namba 20 wanasema akishinda yule, Wakasai watafukuzwa. Watu wa namba 3 wanasema akirudi huyu, Katanga itaisha kuliwa. Hakuna upande uliosimama kuwanyamazisha watu wake kwa sauti ya kutosha. Sisi wa miaka makumi tatu na zaidi tulikuwa watoto wadogo ama hatujazaliwa mwaka 1992, lakini wazazi wetu waliona. Étienne Tshisekedi alichaguliwa waziri mukuu Agosti ule, na huku Katanga, chini ya guvernere Kyungu wa Kumwanza, watu waliishi pamoja toka zamani za reli wakaanza kuitwa bilulu, wadudu. Likasi, Kolwezi, watu walifukuzwa katika nyumba walizojenga. Walilala ku stesheni juma kwa juma wakingojea treni, watoto na wazee wakafia pale na ndani ya mavagoni. Waliofanya vile walikuwa na makanisa. Walijiita watu wa kulinda Katanga.

Hapana. Hiyo haikuwa kulinda. Ninachukua jina hilo na ninalirudisha kwa wenyewe. Desturi ya wazee wetu ilikuwa na sheria ya mugeni: anafika ku sultani, anaonyeshwa pahali, anapewa moto na maji, kiisha anakuwa mutu wa mugini. Kasenga yenyewe ilijengwa hivyo. Wavuvi kutoka pande zote, Wagiriki waliokuja na malori ya barafu kupeleka samaki Elisabethville kwa wafanyakazi wa Union Minière, watu wa ngambo ya Zambia ambao ni damu moja na sisi. Mutu anayetuambia leo tuchague kwa kabila anatuomba tuvunje desturi, hata kama amevaa ngozi ya chui ku jukwaa.

Nimetaja ngozi ya chui. Masultani wetu wanapandishwa ku majukwaa ya pande zote mbili kama mapambo. Katiba, kifungu cha 207, inamupa mutawala wa desturi kazi ya kuunganisha watu. Kuna hata sheria ya Agosti 2015 juu ya cheo chao. Mutu wa kuunganisha anawezaje kushika bendera ya chama kimoja mbele ya watu wake ambao nusu wako upande mwingine? Kiisha uchaguzi watamuendea na kesi ya mupaka wa shamba, naye atakuwa hakimu wa nani? Wagombea wote wawili wanajua. Wanawatumia hata hivyo. Wanasema "tunaheshimu desturi" huku wanaimaliza.

Na muto. Tangu tarehe 1 Desemba upande wa Zambia umefunga uvuvi mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Upande wetu mutu anavua kwa chandarua cha mbu, kile kilichotolewa bure kwa ajili ya malaria, anakusanya mayai na watoto wa samaki pamoja. Mpumbu, samaki aliyejaza Luapula wakati wa wababu zetu, leo watoto wengi wanamujua kwa jina tu. Mvuvi si mubaya, ana njaa, na mufuko wa unga unatoka Zambia kwa bei inayopanda kila franka yetu inaposhuka. Mwanzo wa mwaka dola moja ilikuwa karibu franka 2,000, leo imepita 2,500. Lakini ni nani, kati ya hawa wawili, amesema neno moja juu ya kulinda samaki wa Luapula? Mumoja ni Raisi miaka tano. Mwingine alianza maisha yake ya biashara na samaki wa muto huuhuu. Ningelitegemea kwake angalau sentensi moja.

Kuna hoja moja ninayoisikia kila siku, na si ya kijinga. Inasema: "Katika uchaguzi huwezi kupata malaika. Chagua mubaya mudogo. Ukikataa wote wawili, unamupa mutawala wa leo kura bila kumupigia." Ninaielewa. Kama nyumba inaungua, hauchagui rangi ya ndoo. Lakini wanaonipa hoja hii, nikiwauliza kitu gani mugombea wao amewaahidi kwa ajili ya kura hiyo, hawana jibu. Wanasema ni wa kwetu, ama wanasema ana nguvu. Kura ya mutu wa kulinda imekuwa kama mahari iliyotolewa yote siku ya kwanza: hakuna tena anayekuja kusalimia wakwe. Wanajua Kasenga itapiga namna gani, kwa hiyo mumoja hajisumbui kuja, na mwingine hajisumbui kuahidi. Tukionekana kwamba hatujaamua, ndipo watakapotuuliza tunataka nini.

Na Matata Ponyo, waziri mukuu wa Kabila zamani, leo yuko na Katumbi. Bemba aliyepigana na Kabila mwaka 2006 na Kamerhe aliyepigana naye 2011 wako na Tshisekedi. Juzi walikuwa wamevuruga mistari, kesho wataivuruga tena. Kwa nini sisi tugombane na majirani kwa ajili ya watu ambao wao wenyewe hawakai pahali pamoja?

Mimi nitakwenda kupiga kura. Hapa Kasenga tunapiga tatu: ya Raisi, ya mubunge wa taifa na ya mubunge wa jimbo. Mbili za mwisho nimekwisha kuamua, kwa watu ninaowajua nyumba yao, deni lao na namna wanavyosema na wake zao. Ya kwanza ningali nayo mukononi. Inaweza kwenda kwa mumoja wa hawa wawili, inaweza kwenda kwa jina lingine ku liste ambalo hata halina fulana. Lakini haitakwenda bure.

Kwa familia zilizokimbia, jambo moja la kazi. Mutu anapiga kura pale alipojiandikisha, kwa hiyo uliyejiandikisha ukiwa hapa Kasenga ni hapa hapa, usisikilize anayekuambia urudi mugini wa zamani. Wengi karte zao zimefutika, sura na namba hazionekani tena. Ni tatizo la inchi nzima, si kosa lenu. Nendeni ku CENI kuomba duplikata sasa, musingoje asubui ya tarehe 20, na muangalie kama jina liko ku liste iliyobandikwa. Biro zinafungua saa kumi na mbili asubui na kufunga saa kumi na moja jioni. Ni mwezi wa mvua, mutoke mapema.

Kampanye inafungwa tarehe 18 usiku. Timu za namba 20 na za namba 3 zingali na siku chache za kupita Kasenga. Mulango wa redio uko wazi kwa wote, dakika sawasawa. Maulizo yangu ni mane: wafanye nini na samaki, na masultani, na mashamba ya waliokimbia, na watu wao wanaotukana kabila la wengine ku mikutano. Wakija watajibu mbele yenu, moja kwa moja. Wasipokuja, nitasoma maulizo hayo hewani na kuacha dakika zao zipite kimya.